Shada la Leonce

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mama amefariki jana alfajiri. Nimeandika, bado siamini.

Mazishi Alhamisi, hapa hapa nyumbani Mbulumbulu. Mimi nimepewa kazi ya mashada. Kila kundi na lake: sisi watoto tuliopo, wajukuu, wakwe, jumuiya. Na Leonce — kama atatuma. Kaka yangu yuko Doha mwaka wa sita, na tajiri wake amekataa kumpa ruhusa. Aliondoka bila kumuaga Baba, baada ya ugomvi wao wa shamba. Tangu hapo Baba hajalitaja jina lake. Leo kalitaja! Kamwambia katekista Josephati, anayeandika ratiba: mtoto asiye na ua asisomwe jina, awe Leonce au nani. Mbele ya watu wote. Nimelia jikoni kwa hasira. Jina la mtoto wa kwanza lirukwe kaburini kwa mama yake?

Jioni Leonce kaandika kwamba ameshaagiza. Mawaridi mekundu, kwa ukurasa mmoja mtandaoni unaojiita mafundi maua wenyeji wa Karatu. Afadhali. Mungu ni mwema.

Jumanne, 8 Julai

Nimeshuka Karatu mjini kuhakikisha. Pale walipoandika kuwa ndipo duka lao — panauzwa vipuri vya pikipiki! Mwenye duka, Seif, kaanza kucheka, kisha akaiona kanga yangu nyeusi akaacha. Pole sana dada, wewe ni wa tatu kuja kuwaulizia mwezi huu. Nenda kwa Mwamini, nyuma ya soko.

Mwamini ni mama wa makamo, masweta mawili, vidole vyeusi kwa utomvu. Ndoo za maua mpaka mlangoni. Nikamweleza. Kasema jambo moja tu: wapigie, waulize wiki hii hawana nini. Mwenye bustani hakosi cha kukosa.

Nikapiga. Sauti tamu ya kijana. Wiki hii hamna nini? Vyote vipo, dada yangu! Mawaridi? Hata mia! Mmeyalima wapi? Aa... si hapo hapo Karatu.

Mwamini kanionyesha mawaridi yake. Vichwa vyote vimeungua kwa baridi, ukigusa vinadondoka. Mpaka Agosti, kasema. Tena watu hao hao walimpigia yeye asubuhi hii, awatengenezee shada la Mbulumbulu na asiweke jina lake. Alipowaambia mawaridi hakuna, wakakata simu.

Jamani. Leonce ametoa jasho lake kwa watu wasiolijua hata jua la hapa.

Jumatano, 9 Julai

Leonce katuma picha. Limeshakamilika! Mawaridi mekundu, mlango wa bluu nyuma yake. Nikamrushia Mwamini. Kapiga mwenyewe, kafoka: hilo shada ni lake, la mazishi ya mwalimu mmoja mwezi wa pili, na mlango huo ni wake!

Nikampigia Leonce kumwambia. Yakawa makubwa. Baba kakutuma, sivyo? Hata ua langu hamlitaki? Hata wewe, Lusia? Kakata. Hapokei tena.

Josephati alitaka majina kabla ya jioni. Basi nimefanya. Nimemwomba Mwamini atengeneze kwa alichonacho, utepe uandikwe: Kwa Mama, kutoka kwa Leonce. Josephati nikamwambia andika, ua linakuja.

Uongo? Siku mbili nawalaani wale wa mtandaoni, na leo mimi nami nampa mtu kitu ambacho hakuagiza. Lakini anampenda Mama. Hilo halina uongo. Najiambia hivyo.

Alhamisi, 10 Julai

Tumemzika.

Jina limesomwa. Leonce, mtoto wa kwanza, yuko mbali. Shada nikalibeba mimi. Maua meupe ya mtoni na matawi ya mti wa Krismasi, mabichi kabisa. Nilipofika kaburini Baba akanyanyuka kwenye kiti, akashika upande wa pili, tukaliweka pamoja. Sikutegemea! Nililia mpaka Martha, mdogo wangu, akanishika.

Saa kumi, watu wakianza kuondoka, Baba kaniambia nimpigie kaka yangu. Miaka sita! Leonce kapokea mlio wa kwanza. Baba akatoka na simu uani, mimi nikabaki dirishani. Kasema, asante mwanangu, ua lako nimeliona. Akacheka kidogo huku analia. Sijawahi kumsikia hivyo. Kisha akaanza kumsimulia — meupe, yale ya mtoni aliyoyapenda mama yenu, wewe huko mbali umejuaje kwamba ndiyo yanachanua?

Halo? Leonce? Bado upo? Mtandao, ee?

Kisha Baba kasikiliza, akasema ngoja, nampelekea Lusia simu.

Nimejifungia chumbani. Naandika ili mikono yangu ishike kitu. Nitasema nini? Nikimwambia kweli, atamwambia Baba. Nikidanganya — Leonce amekwisha kujua.

Baba anaita. Lusia! Kaka yako hataki kukata mpaka muongee. Nimejibu nakuja. Sijainuka. Viatu vyake vimefika mlangoni, na simu imewekwa sauti kubwa, namsikia Leonce anapumua.

Hodi, anasema Baba.