Kumwachia Mwenye Shida Zaidi

Mpendwa Bi Opal wa safu ya ushauri gazetini, nakuandikia utuamulie mimi na mume wangu. Nina MS, ugonjwa wa neva, mwaka wa sita sasa, na dawa yangu ni ya dripu mara mbili kwa mwaka, bima hulipa sehemu tu na kilichobaki hatukiwezi, basi nesi akaniombea msaada kwenye mfuko wa hisani, mfuko wenyewe hufunguliwa asubuhi na ikifika adhuhuri nafasi zimekwisha, na nikapata, Bi Opal, mimi! Barua inasema watalipia mwaka mzima, watu ambao hawajawahi kuniona, nikaisoma jikoni tena na tena. Lakini unatujua sisi wa huku Minnesota, kwenye chakula cha kanisani kipande cha mwisho hakimalizwi, kila mtu hukata nusu akamwachia mwenzake, nami nikaona haya, nikaahirisha dripu mara mbili ili msaada umfikie mwenye shida zaidi. Mume wangu Rudy amewaka.

"Mwenye shida zaidi ni nani? Nitajie jina!"

"Simjui."

"Mimi namjua. Jana kaanguka bafuni, nikamwinua."

Je, nimekosea?

Darlene Kivela

Darlene mwanangu, umekosea, tena sana, na Rudy umwombe radhi. Msaada ule umeandikwa jina lako. Usipoutumia ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua, unafutwa, na mpaka apangiwe mwingine, yeye kakaa bila dawa na wewe umeanguka tena. Hapo umemsaidia nani? Adabu ya kanisani iache kanisani.

Najua kilichokutisha: wema wa watu usiowajua. Hata mimi kinanitisha. Mtu anauza mahindi yake huko Iowa, anatuma kidogo kwenye mfuko kama huo, hamjui yeyote, na mahali fulani mgonjwa anashuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe. Nina miaka sabini na moja na sijaona jambo kubwa kuliko hilo. Likikupata, unalipokea kwa mikono miwili.

Sasa weka gazeti chini, mpigie nesi leo hii. Mwambie wazi kwamba uliahirisha kwa makusudi, na uombe nafasi ya karibu kabisa. Rudy aendeshe gari. Binti yangu Solveig ana ugonjwa huohuo, naye alisubiri kwa adabu kama yako, miezi michache tu. Leo viatu namvalisha mimi.