Kitabu cha Nasra na Khitma ya Babu Yake

Mdogo wangu Mwanaisha,

Kaa kitako kwanza, ndipo usome. Salamu zangu zikufikie wewe na kisukari chako. Kimetulia, au bado unajiibia halua ukidhani Mungu haoni? Mimi mwili mzima. Goti tu linauma kwa hizi baridi za mashine. Doha nje tanuri, ndani kaburi, mtu kutwa anavua sweta na kuvaa. Moyo ndio si mzima.

Barua hii nimempa jirani anayerudi likizo akuletee mkononi. Kwenye simu sisemi, maana simu ni ya mwanangu Salum, na nikiongea hukaa ubavuni. Nimekuandikia kwa zile herufi zetu za chuoni, za Kiarabu, kwa kuwa skuli hatukupelekwa mimi wala wewe. Mwandiko ukikushinda, laumu macho yako.

Najua Salum amekwambia kuwa binti yake Nasra anarudishwa kwako. Najua na ulivyomjibu: "Mlete, tutamtafutia mume, yatamtoka." Sasa sikiliza na yangu, maana aliyeyaleta haya ni mimi.

Nasra sasa ni msichana wa miaka ishirini na moja, na unamjua, ni mtu wa maneno machache. Tangu mama yake afariki, mimi ndiye niliyemlea. Kila baada ya alasiri alikuwa akikaa kwenye msala na kitabu alichokivika karatasi ya kaki. Nikamwona anakifungua kutoka kulia, kama msahafu. Anasoma polepole, mara anafuta machozi. Nikasema alhamdulillahi, mjukuu wangu kapata kitabu cha dini, tena kimemwingia. Sikumuuliza. Kitabu kinachofunguliwa kulia kingekuwa nini kingine?

Ikafika khitma ya marehemu mume wangu. Kina mama wa kwetu wakajaa hapa mtaani kwetu Abu Hamour, wengine wametoka mtaa wa Al Sadd, sebule haina pa kutia mguu. Tulipomaliza kusoma, wenzangu wakaanza kusifia wajukuu zao: huyu kahifadhi msahafu, yule kashinda mashindano. Mimi nami nikubali kushindwa? Nikaenda nikachomoa kitabu chini ya mto wa Nasra, nikampa Bi Rukia, anayetuongoza katika kisomo. "Na wangu anasoma hiki. Hebu tusomee kidogo tubarikike."

Bi Rukia akafungua. Akafunua na ukurasa wa pili. Kisha akasema, "Bi Zainabu, hiki ni cha picha."

Vichwa vyote vikainama. Wasichana wawili wa kuchorwa, wamevaa sare za skuli, wanabusiana.

"Astaghfirullah! Ndiyo khitma hii?" mmoja akasema. Mwingine akacheka kwa puani: "Kumbe na hiki nacho huhifadhiwa!"

Nasra alikuwa kasimama mlangoni na sinia la vitumbua. Hakuliangusha. Alimgawia kila mtu, mmoja mmoja, hata yule aliyecheka, ndipo akaingia chumbani.

Kabla ya magharibi Salum alishapigiwa simu na waume wa wale kina mama, kule The Pearl kwenye hoteli anayofanyia kazi. Alikuja akakitupa kitabu kwenye pipa la taka, akamuuliza binti yake, "Ndivyo ulivyo na wewe?" Mimi nyuma nakonyeza, sema ni hadithi tu, mwanangu, sema. Nasra akamtazama: "Ndiyo, baba. Ndivyo nilivyo." Salum akalia, Mwanaisha. Si mtu mbaya. Anaogopa watu, anaogopa kazi yake, anamwogopa na Mungu, vyote kwa siku moja.

Usiku nikajikokota na goti langu bovu, nikachutama kwenye pipa, nikakitoa. Asubuhi nikampelekea. "Nisomee," nikamwambia.

"Bibi, ungeniuliza mwanzo ningekusomea."

Heri angenitukana.

Akanisomea. Kumbe ni katuni za Kijapani, wenyewe wanaziita manga, nazo Wajapani huzisoma kutoka kulia kama sisi msahafu. Kiingereza anakigeuza Kiswahili, kidole juu ya picha. Nilingoja upuuzi, sikuuona. Mmoja anauza kwenye duka la baba yake mgonjwa, mwenzake anahamishwa mji. Wamekaa kituo cha treni, hawasemi kitu ukurasa mzima, mmoja kashika ukanda wa mkoba wa mwenziwe, basi. Nikauliza, "Kwani huyu asimwambie bibi yake?" Nasra akajibu, "Anaogopa hatapendwa tena." Nikamkumbatia, maana hapo hatukuwa tukimsema tena wa kwenye kitabu.

Dini yangu ni ileile, usije ukasema dada kapotea Uarabuni. Hukumu ina mwenyewe. Ila majivuno yangu ndiyo yaliyomtoa mtoto huyu nyumbani kwao, na kila nikipita mlango wa chumba chake naona aibu mpaka nashika ukuta.

Mume usimtafutie. Usimpeleke kusomewa, hana shetani, ana huzuni. Nilimsihi Salum amwache, akakataa, tiketi imeshakatwa. Nikamwambia, "Basi kata na yangu."

"Mama, na matibabu ya goti?"

"Nitaondoka nalo goti langu."

"Na mimi unaniachia nani?"

Ndiye niliyemzaa peke yake, na kwa umri huu nikiondoka sidhani kama nitapanda tena ndege kumfuata. Jana kaniletea viatu vipya vya safari, kanivalisha mwenyewe.

Msalimie mumeo, mwambie redio aipunguze sauti, wanaokuja wamechoka. Msalimie wifi yetu muuza mikate, na yule mpwa wetu fundi cherehani. Wakiuliza kwa nini nimerudi, waambie Bi Zainabu karudi na mjukuu wake, na mwenye la kusema aje aniambie mimi.

Tandika vitanda viwili, chumba kimoja.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Zainabu