Mama Yetu Venansia na Mifuko Aliyotushonea

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu Eufrazia, rafiki yako wa sokoni, alipokuletea chai dukani kwako akakukuta umeinamia cherehani, mkasi ungali kwenye vidole. Alidhani umesinzia. Akakuambia, "Venansia, chai itapoa," akaweka kikombe, akakaa kwenye benchi kukusubiri. Alisubiri kitambo. Ametusimulia habari hiyo mara nyingi, kila mara kwa maneno yaleyale, nasi kila mara tumemsikiliza kama watu wanaosikiliza habari za jirani.

Ndivyo tulivyokuwa mwaka mzima. Tulikula, tulilala, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tulishika majembe tukaenda umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na wenzetu. Aliyetuuliza hali tulimjibu nzuri, na hatukuwa tunadanganya. Hatukusikia kitu.

Mumeo, baba yetu Anastazi Sebuhoro, aliendelea kufungua duka lako kila asubuhi kwa wiki sita. Unajua kwamba hawezi kushona hata kifungo. Alikaa tu. Wanawake wa sokoni waliokuwa wameagiza mifuko walipofika, aliwapa vitambaa ulivyokuwa umeshakata, havijashonwa, amevikunja na kuvifunga kwa uzi. Hawakubisha. Walipokea wakashukuru, wakaenda kujishonea kwa mkono. Mmoja alimuuliza, "Baba Liberata, na mishikio je?" Akamjibu, "Hakufika kwenye mishikio." Walipokwisha wote, alifunga duka, akarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba.

Wewe hukuweza kumwona mtu akibeba kitu mikononi. Pale Gisenyi kuna wanaume wazima waliokuwa wakivuka barabara wakikuona, kwa sababu wamenunua vitunguu wakavitia mifukoni mwa koti. Ulikuwa ukiwaita tangu mbali: "Wewe, koti hilo umelifanya ghala? Mkeo akilifua si atapata mchuzi?" Kisha unampa mfuko, na unamwambia ataulipia akipenda, asipopenda aurudishe ukiwa safi. Hakuna aliyerudisha.

Nyumbani hakuna aliyetoka mlangoni bila kuulizwa, "Mfuko uko wapi?" Hata padre alipotutembelea ulimuuliza. Akajibu kwamba hendi sokoni. Ukamwambia, "Padre, hujui utakachokutana nacho njiani." Alitoka na wa bluu, na ndani yake ukamtilia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa.

Tulipokuwa tukikuona unashona, tulikuwa tunaona mtu anayepiga mshono wa chini mara mbili, kisha anaurudia kwa upande wa ndani, na pale mshikio unapokutana na mdomo wa mfuko anashona kisanduku chenye msalaba katikati. Ulisema viazi havina huruma. Viazi vya kwetu ni vizito, na mwenye kuvibeba anapanda mlima.

Siku zile ardhi ilipotetemeka na nyumba zikapasuka, watu wakawa wanakimbia mji, ulisimama barabarani na mzigo wa mifuko ukawagawia waliokuwa wanaburuta nguo za watoto kwenye shuka. Baba alikuwa anakuita: "Venansia, twende, dari inaanguka." Ukamwambia, "Dari imeshaanguka, sasa inaniharakishia nini?"

Tumekubaliana kuandika na hili, Mama, kwa sababu wewe mwenyewe hukulificha. Kabla hujawa fundi wa mifuko ya kitambaa ulikuwa mvushaji wa ile ya plastiki. Serikali ilipoikataza, wauzaji wa sokoni walikuwa bado wanaitaka, na Goma, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imejaa tele. Ulikuwa unavuka mpaka mdogo alfajiri na ndoo ya unga, unarudi na mifuko mia mbili imezungushwa kiunoni chini ya kitenge. Ulikuwa unasema kwamba kazi haikuwa kuibeba, kazi ilikuwa kutembea bila sauti, maana kila ukivuta pumzi tumbo lako linakwaruza.

Siku uliyokamatwa, askari wa kike alikufungua kitenge mbele ya foleni nzima. Mifuko ikatoka mmoja mmoja, watu wakihesabu kwa sauti. Ulilala mahabusu siku tatu. Mwanao Tewofili alikuwa ananyonya, kwa hiyo Baba alimfunga mgongoni kwa nguo yako akapita naye katikati ya mji mara tatu kwa siku, akuletee umnyonyeshe. Vijana wa pikipiki walimpigia kelele: "Mama Sebuhoro, maziwa yamekukauka?" Hakugeuka.

Uliporudi nyumbani ulikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu ulichukua kitenge kilekile walichokufungua, ukakikata. Mfuko wa kwanza ulitoka na mishikio mifupi sana, Baba akauliza kama ni wa kumfunga mbuzi mdomo. Ukacheka, na sote tukajua kwamba umerudi. Lakini aliyeumia zaidi siku ile hakuwa wewe wala Baba.

Liberata, binti yako wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Darasani kulikuwa na watoto ambao mama zao walikuwa kwenye ile foleni. Wakamwita Plastiki. Mwalimu akiita majina, akifika kwake, nyuma mtu anakwaruza karatasi. Alikuja nyumbani akakuambia, "Mama, usije shuleni kwetu tena." Ukamuuliza, "Hata siku ya ripoti?" Akasema, "Hata siku ya ripoti." Hukwenda. Alikwenda Baba.

Tangu hapo Liberata hakubeba mfuko wako hata mmoja. Ukimpa wa kwendea sokoni, anautoa begani akifika kona, anaukunja na kuuficha ndani ya sweta, anarudi na mboga mkononi. Alipokwenda Ruhengeri kusoma uuguzi, na baadaye kufanya kazi pale, alikuwa akija nyumbani na vitu kwenye mifuko ya karatasi ya dukani. Mwaka mmoja mvua ilimpiga stendi, karatasi ikalowa, mchele na sukari vikamwagika kwenye matope. Uliambiwa, ukauliza tu, "Yeye hakulowa sana?"

Na kila Noeli ulimpelekea mfuko. Ulichagua kitenge kizuri kuliko cha wateja, ukautia bitana, ukaukunja mara nne, ukaubana na pini ili usifumuke njiani. Ukampa dereva wa basi. Liberata alikupigia simu kila mwaka akasema asante Mama, umefika. Wewe hukuuliza neno zaidi.

Siku ya mazishi yako yeye ndiye aliyefanya kila kitu. Alitafuta jeneza, alipanga viti, aliwapikia watu isombe ya majani ya muhogo, alihakikisha wazee wana urwagwa, pombe yao ya ndizi. Hakulia. Shangazi alisema jikoni, bila kupunguza sauti, "Huyu mtoto ana moyo wa jiwe." Liberata alikuwa mlangoni amebeba sahani. Aliziweka mezani akauliza nani bado hajala.

Alitueleza mwaka huu kwamba hakuwa anajizuia. Alikuwa anayatafuta machozi hayapo. Alirudi kazini siku ya nne, akawa anawachoma watoto sindano na kuwabembeleza kama kawaida, na usiku analala usingizi mzito. Alidhani labda shangazi alisema kweli.

Mwezi wa tisa tangu uondoke, Baba alikuwa anatoka sokoni kwa Eufrazia na viazi, mfuko wake ukachanika chini. Ni ule wa kijani aliokuwa nao miaka saba. Viazi viliteremka mlimani, watu wakamkusanyia. Jioni alimpigia Liberata.

"Mfuko wangu umekufa," alisema.

Liberata anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Baba akitamka neno kufa tangu tukuzike. Mpaka siku hiyo alikuwa akisema Mama Liberata hayupo.

"Ninayo mingine huku," akamjibu. "Nitakuletea Jumamosi."

Alikuja na sanduku dogo. Baba alikuwa uani anamenya maharage mabichi. Liberata akaitoa mifuko, akaipanga juu ya mkeka. Ilikuwa tisa. Kila mmoja umekunjwa mara nne, na kila mmoja una pini yako, nyingine zimeanza kuota kutu kwenye kitambaa. Hakuna hata mmoja uliokuwa umefunguliwa.

Baba aliangalia pini kwa muda. Kisha akaendelea kumenya maharage.

"Nilikuwa naiweka kwenye droo," Liberata akasema. "Sikuitumia, Baba. Hata siku moja. Na sikuwahi kumwambia."

"Alijua."

"Alijuaje?"

"Ulipopasuliwa kidole tumbo si ndiye aliyekuja kukuuguza? Alifungua droo anatafuta shuka la kukufunika. Wakati huo ilikuwa sita."

Liberata akakaa chini. Akauliza ulisema nini. Baba akatupa maganda kwenye beseni.

"Alirudi hapa akaniambia, 'Baba Liberata, mtoto ameitunza yote.' Nikamwambia, 'Wewe, hajaitunza, hajaitumia. Ana haya nayo.' Akaniambia, 'Mimi nimesema ameitunza.' Basi. Akaenda dukani akakata wa saba."

Tewofili alikuwepo, alikuwa anaosha viatu vya shule. Ndiye anayekumbuka kwamba walikaa vile mpaka maharage yakaisha kumenywa. Liberata hakulia hata hapo. Aliinuka, akaichomoa pini ya mfuko wa juu, akaukunjua. Ulikuwa wa njano wenye picha za samaki. Akaupitisha begani. Baba akamuuliza anakwenda wapi.

"Sokoni. Mafuta yamekwisha."

"Mafuta yapo."

"Basi chumvi."

"Nenda," Baba akasema.

Alipita njia kuu, siyo ile ya nyuma. Kwa Eufrazia alinunua chumvi, na viazi ambavyo hatukuvihitaji, na karoti. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri zamu alishika mshikio, akaugeuza, akatazama kile kisanduku na msalaba wake. "Huu ni mkono wa Venansia," akasema. "Mwenzangu, uliupata wapi? Mimi wangu umekwisha na yeye hayupo. Unauza?"

"Siuzi," Liberata akasema. "Ni mama yangu."

Alisema hivyo, Mama. Siyo wa mama yangu, bali ni mama yangu, na Eufrazia anasema hakujisahihisha. Yule mwanamke alimwachia mshikio taratibu. Liberata akaanza kulia hapohapo kati ya viazi na vitunguu, analia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka. Eufrazia akatoka nyuma ya meza akamkalisha juu ya gunia. Wateja wakasubiri. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Ilipokwisha saa moja alijipangusa kwa kitenge chake, akaubeba mzigo wake begani, akapanda mlima hadi nyumbani.

Sisi wengine bado. Baba bado. Anakwenda na mfuko mmoja kati ya ile tisa, Tewofili anabebea vitabu mwingine, na Eufrazia tulimpa mmoja kwa sababu ya ile chai. Hatujui huzuni hiyo itatufikia lini, na tumeacha kuingoja. Ila tumeona kwamba inakuja.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii asubuhi, na baada ya misa watu wote wanakaribishwa nyumbani kwetu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Anastazi Sebuhoro. Wanao Liberata na Tewofili. Wifi yako Konsolata, ambaye ameomba radhi kwa maneno aliyoyasema jikoni. Rafiki yako Eufrazia. Na wanawake wa soko la viazi, ambao wengine wanajua kushona sasa.

Pumzika, Mama. Jina lako litatajwa nyumbani humu siku zote tutakazokuwa hai.