Nimeficha Mota Nyuma ya Mikoba, na Jumamosi Mikoba Inashushwa

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana ikishapita hiyo sitakuwa na uso wa kumwomba mtu chochote. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, mkata sponji katika kiwanda cha magodoro, baba wa watoto watatu wanaojitegemea, na hadi mwaka jana wenzangu waliniita Godoro, si kwa ajili ya kazi bali kwa ajili ya tumbo, na sikuwalaumu, kwa sababu nilikuwa nikikaa kwenye kiti naendelea kushuka hata baada ya kukaa.

Nesi wa kiwanda alinipima presha akanitazama kama anayesoma barua ya msiba, akaniambia nitafute mazoezi, nami nikanunua baiskeli ya umeme, ile ambayo ukikanyaga pedali mota nayo inakusaidia kusukuma. Hapo dhambi ilikuwa bado. Ilianza nilipoona haya mtu mzima kusukumwa na betri, nikamwomba fundi baiskeli wa mtaani kwetu anifungie mikoba miwili ya turubai pande mbili za gurudumu la nyuma ili mota iliyomo katikati ya gurudumu isionekane, na betri nikaitia kwenye mkoba wa kulia pamoja na kile kidubwasha chenye kioo cha namba za msaada, kuanzia sifuri hadi tano, ambacho kwa kawaida hukaa kwenye usukani kila mtu akakiona. Nikakiweka tano siku ya kwanza, nikakilaza chini kabisa ya mkoba, na sijakitazama tena mpaka leo. Cha kutazama nini wakati tano ndiyo mwisho? Asubuhi naingiza mkono, napapasa swichi ya betri, nabonyeza, naondoka.

Siku hiyo ya kwanza nilitumia dakika thelathini na nane kutoka nyumbani hadi getini, nikapumzika mara mbili kwenye mlima wa kufikia kiwandani, na bado wenzangu walinipigia makofi. Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikozaa yote haya. Miezi ikapita, mkanda ukaingia matundu matatu, dakika zikashuka hadi ishirini na saba, Godoro akafa akazaliwa Mshale, na nesi akabandika picha yangu kwenye ukuta wa kantini, chini yake pameandikwa "Huyu ameweza, wewe je?" Kila nikipita na sahani naona ile picha inanikonyeza.

Mtu mmoja tu haniiti Mshale. Mtunza stoo, mtu wa umri wangu na wa tumbo kama langu la zamani, ananiita Injini. Kwa nini Injini, mshauri? Maneno yote yaliyopo duniani, Injini! Tangu mwanzo amekuwa akinisubiri getini.

"Injini, mbona hutoki jasho?"

"Mwili wangu mkavu, mzee mwenzangu."

"Mkavu tangu lini? Wewe si ulikuwa unatoka jasho kwa kufungua chupa ya maji?"

Na ile mota ina mvumo, kama nyuki ndani ya chupa, basi nikawa nikikaribia geti naimba kwa sauti ili usisikike, hadi askari wa getini akaniuliza nimejiunga na kwaya gani.

Sasa mambo yamegeuka ya ajabu na hata baiskeli yenyewe siiamini, maana kila baada ya wiki nne tano hivi, Jumatatu, inaamka nzito kama imelala na mawe, ninahema siku mbili tatu, halafu mwili unazoea na narudi kwenye dakika zangu, nayo betri niliyokuwa naichaji kila baada ya siku mbili ikaanza kukaa wiki, ikakaa wiki mbili, na leo ni mwezi mzima sijaichaji lakini taa zake nne zinawaka zote. Betri gani inayokula kidogo kadiri inavyozeeka? Nikadhani kuna mtu anaichaji kwa siri ili aje aniumbue, nikafunga uzi mweusi kwenye plagi ya chaja, lakini uzi haujaguswa. Ule mvumo nao siusikii tena, nahisi masikio yameanza uzee, ila kuimba bado naimba, siwezi kubahatisha. Tena siku hizi nafika nimelowa, jambo ambalo kwa mtu wa presha linanitia hofu, na mke wangu, bila kuambiwa na mtu, ameanza kunikunjia shati la pili mkobani.

Huyo mke wangu ndiye shaka yangu kubwa. Kila Jumapili lazima afungue ile mikoba afute vumbi la sponji, eti litaingia kwenye chakula. Mara mbili nimemkuta kwa fundi baiskeli wanacheka, nilipotokea wakanyamaza, na fundi akaanza kujaza upepo gurudumu ambalo lilikuwa limejaa ndi. Nyumbani nikamuuliza, "Mlikuwa mnacheka nini?" Akanijibu, "Tunaucheka umri, baba watoto." Na Jumatatu jioni hunipokea mlangoni na swali lile lile: "Leo imeendaje mlimani?" Ndoa ina miaka ishirini na sita, tangu lini mke akaulizia mlima? Juzi nikamwambia naupanda wote bila kushuka, sijui nilitaka anisifu, akasema, "Haya bwana, njia ya mwongo fupi," akaingia jikoni. Nilibaki pale nikipiga hesabu, maana njia yangu kweli imefupika, kwa dakika kumi na moja nzima.

Sasa Jumamosi kiwanda kina msafara wa baiskeli, kutoka uwanja wa mpira chini ya mlima hadi getini kwetu juu, nesi ameniteua niongoze, na jana mtunza stoo akasimama kantini mbele ya watu wote akasema, "Napendekeza mizigo yote ipande kwenye pikapu, watu waende wepesi. Hasa Injini wetu." Watu wakashangilia. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Mikoba ikishuka, betri imekwenda, mota iko uchi, nami nitaishia kona ya kwanza huku kila mtu akiikumbuka ile picha. Nijifanye mgonjwa? Niache kazi kabisa? Au nimbane mke wangu na huyo fundi waseme wananipangia nini? Nimekuwa mtu wa kuchungulia tundu la mlango wangu mwenyewe.

Ni mimi, Mshale usio na upinde.

*

Ndugu Mshale,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kabla sijakukaripia ujue unayeongea naye ni mtu wa makamo ambaye tumbo lake hubisha hodi kabla yake, na ningekuwa na mikoba kama yako ningeficha makubwa zaidi ya mota. Kwa hiyo nakusema kama mwenzako. Lakini nakusema.

Umemshuku fundi, umemshuku mtunza stoo, umemshuku mke, umeishuku betri, jasho lako na masikio yako. Walio karibu nawe wamekwisha wote, isipokuwa miguu yako miwili. Akili iliyofunga uzi kwenye plagi imeshindwaje na hili? Betri isiyochajiwa mwezi mzima na bado imejaa ni betri ambayo haifanyi kazi. Mvumo usiosikika ni mota iliyonyamaza. Na jasho linakutoka kwa sababu unakanyaga, bwana wee! Sasa niambie, hizo Jumatatu nzito zinakuja baada ya siku gani? Na siku hiyo mkoba huwa mikononi mwa nani?

Mimi nami nina shaka, ila yangu inaelekea kwingine. Sijakiona kidubwasha chako na naweza kukosea, lakini naona mkono unaoshusha namba hatua kwa hatua, tano ikawa nne, nne ikawa tatu, unasubiri uzoee, unashusha tena, ukijua fika kwamba mwenye baiskeli hatazami kwa aibu zake mwenyewe. Mkono huo umejua kwamba utatoka jasho, ukakukunjia shati. Kama ni hivyo, mwenzangu, mota siku hizi haikubebi. Wewe ndiye unayeibeba.

Na mama watoto naye nina neno lake, natumaini analisoma gazeti hili: mtu wa presha haongezewi mlima kimya kimya. Hata kama nia ni njema, nesi alipaswa kujua. Naona nyumba yenu mnapenda kuficha vitu mkobani.

Nirudi kwako. Kupanda baiskeli ya umeme hakukuwa aibu hata siku moja. Humsaidia anayekanyaga, na wewe uliyekuwa ukizama kwenye kiti ilikutoa nyumbani kila siku hadi miguu ikapata nguvu, na mkanda wako ni shahidi. Ungesema hivyo siku ya makofi, leo wenye matumbo pale kiwandani wangekuwa wameanza. Badala yake wanakula chini ya picha ya mtu aliyeamka siku moja akaushinda mlima kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, wanajitazama, wanaongeza sahani. Hayo ndiyo madhara ya ukimya wako. Mtunza stoo anayekusubiri getini miezi yote hii, mwenye tumbo kama lako la zamani, umewahi kufikiri kwamba huenda hakupelelezi? Huenda anatafuta pa kuanzia kuuliza, nawe kila asubuhi unamwimbia.

Sasa sikiliza, na usilete ubishi. Leo hii nenda kwa nesi, umweleze habari za mota kuanzia siku ya kwanza, kisha akupime presha. Akikuzuia, umezuiwa, na Jumamosi utasimama getini kugawa maji. Akikuruhusu, kesho panda mlima ule bila mikoba, taratibu, bila kuimba, ukichoka shuka usukume. Ukifika juu, Jumamosi ongoza. Ukishindwa, fuata nyuma ya msafara, betri yako ikiwa wazi kwenye jua, hakuna atakayekufa. Ila vyovyote iwavyo, kabla msafara haujaondoka, msogelee mtunza stoo umwambie maneno manne: "Nilianza na mota, nikaificha." Halafu mwache aulize anachotaka.

Mkeo usimbane, wala usikimbilie kuisoma namba. Kesho asubuhi anapomimina chai, uuchukue mkoba wa kulia kama ulivyo, uuweke mezani mbele yake, umwambie, "Mke wangu, leo naenda bila huu." Akiweka birika chini na kuja kukushika mkono, basi mshauri wako amekosea, vua viatu ukae. Lakini asipoinua hata macho, akasema tu, "Usisahau shati," panda baiskeli uende kazini.