Kwa Yoleida, Malkia wa Las Ceibitas, Aliyecheza Bila Kunywa Maji

Mwaka umezunguka, Yoleida mwanangu, tangu Jumamosi ile ya Vita vya Maua, gwaride letu la kanivali, baba yako alipokushusha kwenye gari la maua amekubeba mikononi, taji bado kichwani.

Ulikuwa mtu wa watu. Ukikaanga maandazi yako ya mahindi pale barazani, yale yenye yai ndani, jirani yetu bibi Carmelina alipata la kwanza kabla ya mteja yeyote. "We mtoto, utaninenepesha nishindwe kucheza!" Ukamjibu, "Kula, bibi. Mwaka huu nataka kiuno chako kizibe barabara."

Kwenye ngoma yetu ya kumbia hakuna aliyekuweza. Uliwafundisha watoto wa mtaa kwenye uwanja wa mpira, peku, na aliyekosea hukumcheka. Ulimshika mkono mkaanza upya. Ulipochaguliwa malkia wa kanivali wa mtaa, hata wale wenye maneno walinyamaza.

Sasa na kina mama wenzangu wasikie.

Asubuhi ile fundi alikushonea gauni mwilini, umesimama juu ya kigoda, ili likukae kama ngozi. Ndivyo tunavyofanya sote hapa. Likishashonwa halivuliki mpaka likatwe kwa mkasi, basi malkia hanywi kitu, asije akataka kwenda chooni. Nilikuletea maji. Fundi akasema, "Mama Yoleida, toa hayo maji hapa! Malkia hakojoi!" Nyumba nzima ikacheka, na wewe ukacheka. Ukaniambia, "Mama, usiogope bwana, jua hili ndilo lililonilea."

Ulicheza juu ya gari mchana kutwa na manyoya na shanga zile nzito, ukirusha mabusu huku na huku. Jasho lilipokatika, watu wakasema umezoea. Kina mama, mtoto akiacha kutoka jasho kwenye jua lile hajazoea. Anaungua ndani. Mshusheni hapo hapo, gauni likatwe, hata kama watu wanatazama.

Mwaka huu amechaguliwa mdogo wako Leinis. Nikasema hapandi gari mtu. Akaniambia, "Mama, nikikaa ndani watasema dada aliuawa na kumbia. Si kumbia iliyomuua." Nikaenda kwa fundi, nikamwambia gauni la huyu liwe na zipu mgongoni. "Zipu itaonekana, Mama Yoleida!" Nikamjibu, "Ionekane. Weka nyekundu." Ameiweka, na ameishona huku analia.

Juzi Leinis alipanda jukwaani kusoma amri za malkia, zile za kuwaamuru watu wote wafurahi. Kabla hajasoma neno akafungua chupa ya maji, akayanywa yote mbele ya mtaa mzima. Kisha akasema, "Amri hii ni ya dada yangu. Malkia yeyote atakayepanda gari bila kunywa maji, ashushwe!"

Mtaa ukaitikia, "Ashushwe!"

Sauti ya bibi Carmelina ilizidi zote.

Unakumbukwa na mimi mama yako Nayibe, baba yako Wilfrido, mdogo wako Leinis, bibi Carmelina, na Las Ceibitas yote. Kesho natembea kando ya gari la maua, na ndoo ya maji kichwani, na anayetaka anicheke.

Hatutakusahau, mwanangu. Siku zote uko nasi.