Chumba cha Vioo cha Doreen

Accrington,
10 Machi 1996

Mpendwa binti yangu Gillian,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Keith na watoto, na kwamba joto la huko Adelaide limepungua. Mimi sijambo. Goti ni lile lile, linalalamika nikipanda ngazi, nami nalilalamikia. Mama yako naye hajambo kwa upande wa mwili.

Kwenye simu tunamaliza muda tukiulizana hali ya hewa, ndiyo maana naandika. Nimeamua kujenga chumba cha vioo nyuma ya jikoni, kile ambacho kuta zake zote ni madirisha, cha kukaa na kuota jua. Najua tuliwacheka sana akina Ogden wa mtaani kwetu walipojenga chao, wakawa wanakunywa chai humo huku jasho likiwachuruzika. Lakini nisikilize. Tangu mama yako Doreen ahamie nyumba ya wazee, hatulii popote ila katika chumba chao cha vioo. Chumbani mwake anazungukazunguka akiuliza koti lake liko wapi. Ukimpeleka kwenye vioo anakaa kimya, mikono mapajani. Mkuu wa wauguzi, Bi Clegg, amesema nikipata mahali pa namna hiyo hapa nyumbani, nimlete Jumapili kwa majaribio. Akitulia, tutazungumza habari ya kumrudisha kabisa.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Namjengea mama yako mahali pa kurudi.

Uliniuliza najisikiaje. Sijisikii chochote, mwanangu. Naamka, nakunywa chai, napima ukuta.

Babako

Adelaide,
24 Machi 1996

Baba mpendwa,

Habari za huko? Sisi sote wazima, isipokuwa mdogo ana mafua. Pole kwa goti.

Keith, kwa vile ujenzi ndiyo kazi yake, ametoa hotuba nzima mezani. Anasema chumba kielekee kaskazini kipate jua. Nikamkumbusha kwamba hiyo ni kwa huku kwetu, kwenu jua linapita kusini, akanuna kidogo. Anasema pia usikubali paa la plastiki hata wakikubembeleza. Kiangazi mtaiva, baridi ikija mtaganda, na mvua ikinyesha hamtasikilizana. Chukua la kioo. Halafu panga viti kwanza, chora chumba baadaye, maana watu wengi hupima chumba kikiwa kitupu, wakaja kukuta meza haipiti.

Baba, niseme lililo moyoni. Nilipokuja mwezi wa kumi na moja, Mama aliniita nesi siku zote nilizokaa. Alikuwa mpole, alinishukuru kwa kila kitu, lakini hakunijua. Naogopa unamjengea mtu ambaye hatarudi hata akija. Naogopa pia kukuambia, ndiyo maana nimesubiri mpaka mwisho wa karatasi.

Mwanao,
Gillian

Accrington,
19 Mei 1996

Mpendwa Gillian,

Natumaini mafua ya mdogo yamekwisha. Mimi mzima. Mpe Keith asante kwa shauri la paa.

Bwana Pickup wa kampuni ya vyumba vya vioo alikuja na mkoba uliojaa vipande vya vioo na fremu, akavitandaza mezani kama mchuuzi wa samaki. Anataka kuniuzia chumba chenye kona nyingi na mapambo juu ya paa. Nikamwambia nataka cha mraba, sakafu iwe sawa na ya jikoni, pasiwe na kizingiti cha kumkwaza mtu, na viti viwili vya kusukwa kama vya kule kwa wazee. Kuhusu paa alisema yale yale ya Keith. Nimechukua la plastiki.

Kule kwa wazee ni la plastiki. Mvua ikilipiga, mama yako hutabasamu. Unajua alivyofanya kazi kiwanda cha pamba tangu usichana wake, katikati ya mashine za kufuma, pale ambapo husikii hata ukiitwa jina. Kelele hazimsumbui. Ukimya ndio unaomtisha.

Nilikwenda pia kwa Edna wa jirani kumwarifu, ingawa kwa chumba kidogo hivi sheria hainidai ruhusa. Akasema nijenge tu, ila nisikae humo nikitazama nguo zake za ndani zikianikwa. Nikamwambia nimezitazama miaka yote hii, hakuna jipya. Tulicheka. Baadaye akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia maji nimekwisha kuyavulia nguo, nitayaoga.

Babako

Adelaide,
2 Juni 1996

Baba mpendwa,

Nafurahi u mzima. Mafua yamekwisha, sasa ninayo mimi.

Hujajibu nililoandika mwishoni. Basi, sitakusumbua. Nakutumia kitambaa cha pazia, cha manjano. Mama hapendi kahawia, na nakujua, ungenunua kahawia.

Mkiipata Jumapili ya kwanza, niandikie ilivyokwenda. Hata ikiwa vibaya. Hasa ikiwa vibaya.

Mwanao,
Gillian

Adelaide,
18 Agosti 1996

Baba,

Hujambo? Nikipiga simu unasema mafundi wapo, kisha unaniuliza mvua. Chumba kimefika wapi?

Gillian

Accrington,
22 Septemba 1996

Mpendwa Gillian,

Natumaini mko salama nyote. Samahani kwa kimya. Mimi mzima, goti vile vile. Chumba kimekwisha na mapazia yako yamekaa vizuri.

Jumapili iliyopita nilimleta mama yako. Aliingia bila kujikwaa, akachagua kiti cha upande wa bustani, ambacho ndicho nilichomwekea. Alikula keki ya Edna, akaongezwa, akala tena. Hakuuliza koti. Hakuzunguka. Nilianza kupanga kichwani jinsi nitakavyomwambia Bi Clegg, na jinsi ya kuteremsha kitanda chetu chini.

Kisha mvua ikaja. Keith alisema kweli, hamsikilizani. Mama yako akainua uso, akatabasamu, akaanza kuzungumza kwa midomo bila sauti, kama wanawake wote wa kiwandani walivyozungumza penye mashine. Nikasogeza kiti. Nilijifunza kusoma midomo ile nikiwa fundi wa mashine zake, kabla hatujaoana.

"Una nyumba nzuri," akasema. "Asante kwa chai. Ila nisikae sana. Mume wangu ananisubiri, na nikichelewa huingiwa na wasiwasi."

Nikamwuliza, kwa midomo vile vile, mumewe ni mtu wa namna gani.

Akafikiri. "Mpole," akasema. "Si msemaji. Ni fundi."

Nikamletea koti lake. Mtoto wa watu ana adabu hadi leo, hajapata kukaa kwa mwenyeji chai ikiisha. Nikamrudisha kwa gari, naye njia nzima akinisifia mapazia.

Uliyoyaandika mwisho wa karatasi niliyasoma siku ile ile barua ilipofika. Ulisema kweli, mwanangu. Habari ya kumrudisha sitaizungumza tena na Bi Clegg. Sikulia. Niliosha vikombe, na nilipofika kwenye chake niliona uchungu, ukapita, nikaendelea na sahani.

Pale mlangoni kwa wazee nilimkaribisha tena Jumapili hii, yaani leo. Akasema angependa sana, ila atamwuliza mumewe kwanza. Nikamwambia nadhani atakubali.

Naona wingu juu ya bustani. Naishia hapa nikamchukue.

Babako