Jiwe la Mlangoni kwa Kina Serbest

Granville, Sydney

Dada yangu Faida,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto hapo Bukavu. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mimi ni mzima, nimenenepa, na kati ya wote wanaosukuma mikokoteni ya chakula katika nyumba hii ya wazee hakuna anayenifikia kwa mbio wala kwa sura. Usicheke, ni kweli.

Lakini nina hasira, dada, na hapa hakuna wa kunisikiliza, kwa hiyo utavumilia wewe.

Kuna bibi mmoja tunamwita Koko Shamiran. Ni Mwashuri, Mkristo kama sisi, wa milima ya kaskazini mwa Iraki. Kijiji chao, Beshmuni, walikikimbia kwa vita akiwa msichana, mama yake akiwa ndiyo kwanza amezikwa. Walipotoka, wakaingia Wakurdi waliochomewa vijiji vyao. Sasa nani analeta mashuka safi hapa? Rafiki yangu Serbest, Mkurdi, mzaliwa wa Beshmuni hiyohiyo! Koko alimsikia akiongea kwenye simu, akamtambua kwa lafudhi, akamuuliza kwa Kikurdi ni mjukuu wa nani. Tangu hapo swali lake ni moja: kaburi la mama yangu bado lina jiwe? Serbest kila siku anasema atauliza kwao.

Nikaitafuta Beshmuni mwenyewe kwenye simu. Faida, kijiji kizima kimepewa mstari mmoja: wakazi ni Wakurdi, zamani kilikaliwa na Waashuri. Zamani! Kama vile walikuwa mvua, wakanyesha wakapita. Nilimwambia Serbest hata mbuzi wetu aliyepotea kule Walungu alisemwa maneno mengi kuliko haya. Hakucheka. Alikaa juu ya mashuka, akaniambia jiwe liko mlangoni kwao. Babu yake alilitoa makaburini akalifanya kizingiti, na yeye Serbest amekua akipangusia viatu hapo. Akaniomba ninyamaze, eti habari hiyo itamuua Koko.

Ninyamaze, mimi! Nilimwita majina ambayo Mama asingependa kuyasikia. Akasema babu naye alikuwa mkimbizi, na theluji ilikuwa inaingia ndani. Nikamuuliza kama milima yote ile ilikosa jiwe lisilo na jina la mtu.

Basi umwambie Mama kabla hajasikia kwa wengine: wamenisimamisha kazi wiki hii, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia Koko. Nilimpelekea supu, nikasema palepale. Wakubwa wanadai nimemliza mzee. Kumliza! Hakutoa hata chozi. Alisukuma supu, akaagiza Serbest aitwe, akamwamuru ampigie baba yake kule Beshmuni simu ya video.

Baba yake Serbest alipoelezwa aliona haya, akaanza hadithi ya babu. Koko akamkata: sikukuuliza hayo, ling'oe. Akaling'oa kwa mtaimbo. Jina lilikuwa upande wa chini, zima kabisa. Koko alilisoma kwa sauti. Mzee akauliza alirudishe wapi, maana aliyejua alikuwa yule babu aliyeling'oa, naye amekufa. Koko akasema, ninajua mimi, tembea.

Serbest alinitafsiria. Pita kwa Odisho, Koko akasema. Mzee, simu mkononi, jiwe mgongoni, akajibu hapo siku hizi ni kwa Haji Tahir. Kwa Odisho, Koko akarudia. Panda mpaka kwa Yonan. Mzee akasema pale anakaa shemeji yake. Kwa Yonan! Nyumba kwa nyumba hivyohivyo, watu wakitoka milangoni kushangaa. Mzee akawa anahema, jasho linamtiririka. Walipofika juu karibu na makaburi, Koko akamuuliza yuko wapi sasa. Akajibu bila kusahihishwa: nimepita kwa Gewargis, mama.

Serbest anataka ugomvi wetu uishe. Nimemwambia bado, kwanza ajifunze majina ya zamani ya nyumba zote, kuanzia kwa Odisho.

Wabusu watoto, mpe Mama pole ya magoti, na shemeji mwambie bado namshinda kwa uzuri.

Ni mimi mdogo wako asiyejua kunyamaza,
Murhula